Kokwa ya Mia Mbili na Kumi

Jumapili, Machi 19

Waridi la kwanza limefunguka leo, kwenye ngazi ya chini ya shamba, karibu na mfereji. Bibi alilichuma akampa Azza anuse.

Daftari hili ni jipya na halimjui mtu, kwa hiyo nieleze. Azza ni binti wa ami Hamad. Kazaliwa Maskati, kakulia Maskati, na Januari baba yake akahamishiwa kazi huku kwetu mlimani, wakarudi wote na viyoyozi vyao kana kwamba hapa kuna joto. Tangu hapo nyumba nzima ni Azza, Azza. Azza ana mwandiko mzuri. Azza hali sana. Azza anaongea taratibu. Tangu nina miaka saba, waridi la kwanza la msimu hulinusa mimi. Leo nilisimama na kikapu mkononi nikiangalia pua yake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nasubiri kidonda kionekane.

Jumatatu, Machi 20

Baridi. Mawaridi manne. Azza kajichoma mwiba akatokwa na machozi. Siku nzuri.

Jumanne, Machi 21

Abla Thuraya, mwalimu wetu wa hesabu, huingia darasani akiwa ameshaanza kuzungumza, na wewe ndiye wa kukimbilia alipofika. Leo alisema, "...kwa hiyo mko ishirini na mmoja. Kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake, mara moja tu, mikono itakutana mara ngapi? Msinibahatishie. Anzeni na watu wawili, halafu watatu, halafu wanne. Tazameni namba zinavyopanda, mnitafutie mpangilio."

Kisha akasema lile lililonifanya niinue kichwa. Mwezi wa tano kuna maonyesho ya shule mjini Nizwa, na fumbo hili ndilo tutakalopeleka. Msichana mmoja atasimama kulieleza mbele ya watu. Mmoja.

Raya, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, alinikanyaga mguu. "Shoga, piga pasi abaya yako." Nimekuwa wa kwanza katika hesabu tangu darasa la nne, na hakuna aliyenikaribia. Azza alikuwa anaandika taratibu, na mwandiko wake mzuri.

Alhamisi, Machi 23

Ramadhani imeingia. Tunachuma baada ya sala ya alfajiri, tumbo bado lina daku. Kikapu kimoja na nusu.

Jumanne, Machi 28

Leo nimeaibika, na nitaandika yote ili nisije nikajidanganya baadaye.

Wiki nzima nimelizungusha fumbo kichwani nikichuma, na jibu nilikuwa nalo. Abla alipouliza tu, mkono wangu ulikuwa juu kabla ya kope zangu.

"Mia nne na ishirini, Abla."

"Kwa nini?"

"Kila mmoja anawasalimia wenzake ishirini. Ishirini na moja mara ishirini."

Azza akasema, bila hata kunyoosha mkono, "Lakini ukinipa mkono wako, nami nimeshakupa wangu. Hiyo ni moja."

"Si moja," nikamwambia. "Salamu ni mbili. Yupo anayetoa, yupo anayeitikia. Kutoa ni suna, kuitikia ni wajibu. Suna na wajibu utavihesabuje kitu kimoja?"

Nusu ya darasa ilitikisa kichwa kukubali. Raya akadakia, "Kweli kabisa! Asiyeitikia anapata dhambi, asiyetoa hapati. Ni mbali na mbali."

Azza akamgeukia Abla. "Abla, umeuliza salamu au mikono?"

"Mikono," Abla akasema.

Basi akainuka akaenda ubaoni, na unajua alichochora? Safu ya Idi. Safu yetu sisi, ile tunayoipanga nyumbani kwa Bibi kila Idi! "Wa kwanza anasimama mlangoni peke yake," akasema. "Hajampa mtu mkono. Wa pili anampa mmoja, anasimama pembeni yake. Wa tatu anapita kwa wawili, naye anasimama. Wa nne anapita kwa watatu. Kila anayekuja anaongeza mmoja kuliko aliyemtangulia." Akaandika chini yake jumla zikipanda: moja, tatu, sita, kumi, kumi na tano, ishirini na moja, mpaka mia mbili na kumi. Darasa likaguna kama watu walioonja kitu kitamu. Abla alipiga makofi. Hajawahi kunipigia makofi mimi.

Na kabla ya kukaa Azza akaongeza, "Ni nusu ya ile ya Ghania. Ghania hakukosea sana."

Angesema nimekosea ningevumilia. Hiyo "hakukosea sana" ndiyo imenichoma mpaka sasa. Nimesimama katika safu ile tangu nilipoanza kutembea, nimeipita Idi baada ya Idi, na hata siku moja sikuona kwamba ni fumbo. Akaja yeye, aliyeisikia tu kwa Bibi, akaiona mara moja. Ninaona wivu. Nimeliandika neno lenyewe, basi, lipo hapo.

Jumanne, Aprili 4

Vikapu vitatu. Abla kasema tuhifadhi kokwa za tende za futari, darasa zima, tuzilete baada ya Idi. Tutalifanya fumbo kwa mikono yetu wenyewe tuone kama linakubali. Nilipomwambia Bibi asitupe kokwa, akasema, "Siku hizi hata shule inafundisha kula?"

Jumapili, Aprili 9

Mvua ya mawe. Dakika kumi tu, lakini ngazi mbili za juu zimebaki miiba mitupu na petali zimetapakaa matopeni. Bibi alisimama mlangoni akisema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayetukana.

Tuliingia kuokota yanayookoteka. Azza aliokota na mimi niliokota, kila mtu na ngazi yake. Yeye akajaza kikapu, mimi sikujaza, kwa sababu muda wote nilikuwa namtazama yeye anavyojaza.

Alhamisi, Aprili 13

Vikapu viwili. Mtungi wa kwanza wa marashi umeanza kupikwa, nyumba nzima inanukia waridi na moshi. Azza anakohoa. Bibi kamtoa jikoni kwa upole, "Toka mwanangu, kifua chako." Kifua changu mimi kimetengenezwa kwa bati.

Alhamisi, Aprili 20

Siwezi kuandika vizuri leo.

Asubuhi ya Idi wanawake wa ukoo hukusanyika kwa Bibi, na kila anayeingia hunyunyiziwa marashi ya msimu mpya. Mrashi ni wa fedha, una shingo ndefu, umetoka kwa mama yake Bibi. Aliyeushika tangu nina miaka saba ni mimi. Watu wakiingia husema, "Ghania, niloweshe!" nami nawalowesha. Ni kitu kidogo, najua.

Leo baada ya futari Bibi kautoa kabatini, kaufuta kwa kitambaa, na kausukuma mbele ya Azza. "Mwaka huu washike huyu. Hajawahi kuiona Idi ya huku."

"Bibi, na mimi?" Sauti ilinitoka ya kitoto, nikajichukia.

"Wewe una miaka saba ya kunyunyiza, hujachoka? Utabeba halwa."

Azza akasema, "Bibi, mpe tu Ghania." Alisema hivyo! Na Bibi akamwona mstaarabu zaidi, akamsukumia mrashi mpaka mapajani. Kila anachonirudishia kinakuwa chake mara mbili.

Jumamosi, Aprili 22. Idi

Nimefanya jambo.

Tulipanga safu. Azza alishamaliza kunyunyiza, akasimama karibu na mlango, mrashi kwenye mkono wa kushoto. Nikaja na safu: mkono wa shangazi, mkono wa mke wa ami, mkono wa jirani. Nikafika kwake. Akanyoosha mkono wa kulia akasema, "Idi mubaraka, binti ami."

Nikaitengeneza shela yangu kichwani kwa mikono yote miwili, polepole, nikapita, nikamshika mkono anayemfuata. Hakuna aliyeona, watu walikuwa wanacheka na watoto wanalia. Nyuma yangu mkono wake ulikuwa bado hewani. Niliuona kwenye kioo cha kabati.

Nyama ya shuwa, ya kuokwa shimoni, ilikuwa laini. Sikusikia ladha yake.

Jumatano, Aprili 26

Shule imefunguliwa, mikono yetu yote ina hina. Abla alileta kopo la samli tupu, sisi tukaleta kokwa. Akatupanga safu ya Idi darasani, wote ishirini na mmoja, hakuna aliyekosekana. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza kupita, utie koponi kokwa kwa idadi ya mikono uliyokutana nayo.

Azza alikuwa wa sita. Mimi wa kumi na tano. Nilipompita niliitengeneza shela. Nilikwishaifanya mara moja, na ya pili ilikuja nyepesi mno, nikajishangaa.

Nikafika kwenye kopo na kokwa kumi na nne kiganjani. Nilitaka kuzitia zote. Wallahi nilitaka. Lakini nilikuwa nimekutana na mikono kumi na mitatu, na vidole vikatia kumi na tatu, ile moja nikaificha mfukoni. Mkono naweza kumnyima mtu. Hesabu siwezi kuidanganya, hainijii.

Abla akamwaga kopo mezani, Raya na wenzake wawili wakahesabu. Mia mbili na tisa.

"Raya, umemeza moja?" mtu akauliza.

"Nimeze kokwa nina njaa gani? Jana nimekula mbuzi!"

Wakahesabu tena. Mia mbili na tisa. Abla akasema tugeuze safu, wa mwisho awe wa kwanza. Sasa mimi nilikuwa nimesimama na Azza ndiye anayekuja. Alipofika kwangu hakunyoosha mkono kabisa. Alinitazama tu, akapita, na koponi akatia kokwa pungufu moja. Nilimhesabia. Naye hakudanganya.

Mia mbili na tisa.

Abla alilikusanya lile lundo kwa viganja viwili. "Fumbo linasema mia mbili na kumi. Kopo linasema mia mbili na tisa, mara mbili. Ingekuwa mara moja ningesema imeanguka. Mpangilio haukosei, wanangu. Ukiona umepungua, kuna kitu humu ndani kimepungua." Akatuangalia mmoja mmoja. "Atakayenieleza hiyo moja iko wapi, ndiye atakayekwenda Nizwa."

"Jini," Raya akasema. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kokwa mfukoni nzito kama jiwe la kusagia.

Alhamisi, Aprili 27

Azza hajasema. Ana Nizwa mdomoni na haitemi.

Jumapili, Aprili 30

Kikapu kimoja, mawaridi yanakwisha. Hajasema bado. Abla aliuliza tena na Azza akainamisha kichwa kwenye daftari. Najua anachongoja. Anangoja aniseme mbele ya watu wengi zaidi, labda mbele ya Bibi. Ningekuwa mimi ndivyo ningefanya.

Jumatatu, Mei 1

Hajasema.

Jumanne, Mei 2

Leo tulichuma ngazi moja, mimi na yeye, kwa sababu imebaki hiyo tu yenye maua. Anachuma haraka siku hizi, kajifunza kukata kwa ukucha chini ya kikonyo. Vidole vyake vimejaa makovu madogo. Sikuwa nimeyaona.

Nikichuma nikaanza kuhesabu tena, kwa njia yangu ile ya zamani ya mia nne na ishirini, kwa ukaidi tu. Salamu ni mbili, ya anayetoa na ya anayeitikia. Ulipopungua mkono mmoja, kwa hesabu yangu zimepungua ngapi? Nikataka kusema mbili. Halafu nikaona si mbili, kwa sababu siku ya Idi Azza alitoa ya kwake. Mkono aliunyoosha na salamu aliitamka. Iliyopungua ni moja, na ni yangu, na ni ile ya wajibu. Nilisema mwenyewe darasani, suna na wajibu.

Nilikaa chini kwenye ukuta wa mawe. Azza akauliza, "Unaumwa?" Nikasema mwiba.

Jumatano, Mei 3

Nimesema. Nilisimama bila kunyoosha mkono.

"Abla, hiyo moja ninayo mimi." Nikaitoa kokwa mfukoni nikaiweka mezani. "Sikumpa Azza mkono. Wala siku ya Idi sikumpa. Nilijifanya naitengeneza shela."

"Kwa nini?" Abla aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu yeye ndiye aliyeona safu, na mimi ndiye ninayesimama ndani yake kila mwaka. Na kwa sababu ya mrashi. Na kwa sababu nina kijicho."

Hakuna aliyecheka. Raya alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Abla aliiviringisha kokwa kwa kidole muda mrefu. "Nilitoa ahadi," akasema mwishowe. "Utakwenda Nizwa, Ghania, na utayaeleza haya haya. Mpangilio, na kilichopungua." Akanirudishia kokwa. Sikujua ni zawadi au adhabu, na bado sijui.

Nilidhani Azza atafurahi. Nilidhani atanikumbatia, nitalia, yaishe. Nilimkuta nje kwenye bomba, ananawa uso.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Azza, mimi nili..."

"Unaninyima mkono, na Nizwa unapewa wewe. Hiyo ni hesabu gani?"

"Ungesema wewe, ungekwenda wewe. Siku saba ulikuwa unajua!"

"Niseme nini? Niseme binti ami yangu ananiona uchafu? Darasa zima lijue?" Sauti yake taratibu ilikuwa imekwisha, kumbe anayo na nyingine. "Wewe hapa una watu, Ghania. Una Raya wa kukudakia hata ukikosea. Mimi nina nani? Nilitaka wadhani imepotea tu. Nilikuwa naomba Mungu wadhani imepotea."

Mimi nilidhani ananivizia, kumbe alikuwa anajificha. Muda wote nimemwona ana kila kitu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Assalamu alaikum, binti ami."

Aliutazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Akaitikia kwa midomo tu, bila sauti, akapita akaingia darasani, na mkono wangu ukabaki pale. Sasa najua unakaa muda gani hewani. Ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye kioo.

Jioni nimekaa na hesabu yangu. Yeye alitoa siku ya Idi, mimi nimetoa leo. Kwa njia yangu salamu zote zimetimia, mia nne na ishirini, hakuna anayemdai mwenzake. Kwa njia yake bado ni mia mbili na tisa, kwa sababu mikono haijakutana. Njia yake ndiyo sahihi. Abla alipompigia makofi alikuwa na haki, na mimi ningepiga pia kama ningekuwa mtu.

Ijumaa, Mei 5

Mtungi wa mwisho umepikwa. Bibi kasikia yote, Raya hana kufuli. "Mmegombana kwa kokwa?" akasema. "Kokwa wanapewa mbuzi!" Baadaye nilimwona anaufuta mrashi, na hakuuweka mbele ya mtu yeyote. Kaurudisha kabatini.

Jumapili, Mei 7

Bango limekamilika. Nimechora safu, nimeandika moja, tatu, sita, kumi, mpaka juu, na chini ile mia mbili na tisa ya kopo. Pembeni nimeandika kwa wino mweusi: *Safu hii aliiona Azza binti Hamad.* Nikamwomba Abla ampeleke yeye badala yangu. Akasema, "Yeye anaweza kueleza mia mbili na kumi. Hiyo tisa ni ya kwako, ibebe." Nilimwambia Azza kuhusu jina lake kwenye bango. Akasema, "Mwandiko wako mbaya." Ni kweli.

Jumatatu, Mei 8

Mashamba yamebaki kijani kitupu. Hakuna kikapu.

Jumanne, Mei 9

Naandika garini. Barabara inashuka mlima kona kwa kona. Abla amekaa mbele na dereva, bango liko juu ya mapaja yangu na kopo la samli liko miguuni, kokwa mia mbili na tisa zinacheza ndani kila tukikata kona. Ile yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani dirishani. Sikutaka kuja nayo.

Gari lilikuwa limeshawashwa pale mlangoni kwa Bibi. Jua lilikuwa bado halijapanda ukuta. Nikasikia mtu anakuja mbio na ndala zisizolingana, na alikuwa Azza, shela imemwanguka mabegani, hajanawa hata uso. Aligonga kioo. Nikakiteremsha.

"Kopo lako limepungua," akasema, akihema.

"Najua."

"Unakwendaje mbele ya watu na kopo pungufu? Watasema huku mlimani hatujui kuhesabu." Akaingiza mkono dirishani. Ndani ya kiganja kulikuwa na kokwa, ile ile niliyoiacha. Nikanyoosha mkono kuichukua, naye hakuiachia. Aliibana kati ya kiganja chake na changu, akashika, na mimi nikashika, na makovu ya miiba yake nikayasikia, na yangu bila shaka naye aliyasikia. Dereva akapiga honi, naye akaniachia kokwa kiganjani.

"Nenda basi," akasema. "Na useme taratibu, wewe ukisema haraka unameza namba."

Bado nina wivu. Ningependa ningekuwa ndiye niliyekuja mbio na ndala zisizolingana.

Kwenye bango nimeacha mia mbili na tisa, sitaifuta, ndiyo iliyokuwa kweli ya siku ile. Kokwa ya mwisho nitaitia mbele yao. Abla kageuka mara mbili kunitazama, na sasa hivi kaniuliza kwa nini leo naandika kwa mkono wa kushoto na wa kulia nimeufumba.